Uzoefu wangu: Picha za mtaa wa Wachina wa San Francisco katika Maktaba ya Bunge la Marekani

Kwa yeyote anayetafuta picha za kale za Wachina waliohamia Marekani, mkusanyo wa mpigapicha Arnold Genthe uliowekwa mtandaoni na Maktaba ya Bunge la Marekani ndio ninaoupendekeza kwanza, mradi autazame kwa jicho la kuhoji. Huduma ni ya bure na haidai kujisajili. Mwenye kifurushi kidogo cha data aanze na faili ndogo, kwa kuwa zile kubwa ni nzito sana.

Genthe, Mjerumani aliyefika San Francisco mwaka 1895, aliupiga picha mtaa wa Wachina wa mji huo kwa miaka kadhaa kabla ya tetemeko la ardhi la tarehe 18 Aprili 1906 na moto uliofuata kuuteketeza. Studio yake iliungua, lakini negativi za mtaa huo (yaani nakala asilia za kamera ambazo picha huchapishwa kutoka kwazo) zilisalimika kwa sababu zilikuwa zimehifadhiwa mahali pengine. Ukizikuza kwenye skrini, unawaona wachuuzi, wanaume wenye nywele za msuko mmoja mgongoni, na watoto waliovalishwa nguo za sikukuu, kwa uwazi ambao kitabu cha kawaida hakiwezi kuutoa.

Hata hivyo, watafiti waliolinganisha negativi na picha zilizochapishwa walibaini kwamba Genthe alikata kingo na kufuta nyaya, vibao vya Kiingereza na hata Wazungu waliokuwa wakipita, ili mtaa uonekane kama kipande cha China ambacho Marekani haikukigusa. Hili linaniuma, kwa sababu wakazi wale walikuwa watu wa San Francisco waliofanya kazi na biashara humo, nao wakanyang'anywa mji wao ndani ya picha. Tena watoto wamejaa katika kazi yake, ilhali sheria ya mwaka 1882 iliyowazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini ilichangia kuufanya mtaa uwe wa wanaume kwa sehemu kubwa. Asiyeijua sheria hiyo atadhani familia zilikuwa nyingi. (Maktaba iliununua mkusanyo mwaka 1943, mwaka uleule sheria hiyo ilipofutwa.)

Ushauri wangu kwa walimu wa historia ni kuonyesha darasani negativi nzima pamoja na picha iliyokatwa, pale zote mbili zinapopatikana, kisha kuwauliza wanafunzi ni nini kimeondolewa na kwa faida ya nani.