Baiskeli ya kuanzia mazoezi ya mlimani: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Ukiishi Mbale, mashariki mwa Uganda, mlima huutafuti. Ukifungua dirisha, Wanale hiyo hapo. Nilipoamua kupunguza tumbo kwa baiskeli, pesa ya kwanza niliipoteza kwenye baiskeli mpya inayong'aa: shokapu mbele, shokapu katikati, breki za diski, gia 21. Wiki ya pili, pedali ya kushoto ikachomoka nikiwa kwenye mwinuko. Pedali ya kushoto hukazwa kinyume na ya kulia. Aliyeiunganisha alikuwa ameilazimisha kama ya kulia, theredi zote zikalika. Kwa hiyo mpangilio huu, kuanzia ya kuchukua hadi ya kuiacha, ni wa mtu aliyekwisha kulipa karo.

Ya kwanza kwangu ni mtumba: baiskeli ya mlima iliyotumika, matairi ya inchi 26, yenye shokapu ya mbele tu au isiyo na shokapu kabisa. Kwa pesa ileile ya mpya ya bei rahisi, unapata fremu iliyotengenezwa na watu makini. Tairi na tyubu za 26 fundi yeyote anazijua, na breki za mpira zinazobana rimu hurekebishwa kwa koleo chini ya mwembe.

Lakini usidanganywe na rangi. Hesabu meno kwanza. Gia ndogo ya mbele ikiwa na meno 22 na kubwa ya nyuma 32 au 34, utapanda umekaa kitini huku unapumua. Gia ndogo ya mbele ikiwa na 38, utasukuma baiskeli kwa miguu huku watoto wakikucheka.

Halafu toa tepu mfukoni. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Weka sifuri katikati ya pini moja ya cheni, uhesabu pini 24 mbele yake: kwa cheni mpya, ya 24 hukaa kwenye inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imechoka. Ikizidi kwa moja ya nane, huenda imekula na meno ya gia, na hayo utayalipia wewe. Mimi niliitiwa shilingi laki tano za Uganda. Nikamwonyesha tepu, tukaafikiana laki tatu na nusu. Kagua pia fremu pale bomba linapoungana na shingo ya usukani, maana ufa hujificha chini ya rangi. Jaribu kupandisha na kushusha kiti: kikiwa kimeganda, hata ukikipenda, kiache. Fremu ya chuma ikikatika, mchomeleaji wa mtaani anaweza kuiunga. Ya alumini si wengi wanaoiweza.

Ya pili ni mpya ya magurudumu ya inchi 29, shokapu ya mbele, kutoka duka linalouza baiskeli, si linalouza sufuria na baiskeli. Gurudumu kubwa hupita juu ya mawe bila kukwamakwama, na mtu mrefu atastarehe. Kwa vifaa vya gia vya kampuni ya Shimano, Tourney ndiyo ngazi ya chini, kisha Altus, Acera, Alivio, Deore. Kwa anayeanza, Altus yatosha. Chagua breki za diski za waya. Za mafuta hubana vizuri zaidi, ila zikivuja ukiwa juu Kapchorwa, umsake nani? Ningeiweka ya kwanza kama si bei, na taabu ya kupata tairi lake nje ya miji mikubwa.

Ya tatu ni ile nyeusi ya gia moja, ya kubebea matoke na mitungi, ndugu ya zile zilizoanzisha boda boda pale mpakani Busia. Haifi. Kwa tambarare ya miji ya Kumi na Soroti ni mazoezi tosha, na anayeishi huko aipandishe nafasi ya pili. Wanale? Utaisukuma.

Ya mwisho ni ile yangu ya kwanza: mpya, rahisi, shokapu mbili. Shokapu ya katikati hunesa kila unapokanyaga, nguvu zako zikaishia kwenye springi. Zipo nzuri za aina hiyo, ila bei zake si za mtu anayeanza.

Usimalize pesa zote kwenye baiskeli. Bakiza za helmeti yenye alama EN 1078 (kiwango cha Ulaya cha helmeti za baiskeli), pampu, viraka na gundi. Kiti kipandishe mpaka mguu unyooke kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa. Wengi huendesha magoti yamekunjwa, kisha husema baiskeli inaumiza. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa siku tano. Wastani ni pale unapoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mvua ikinyesha, pumzika: udongo mwekundu hujaa kati ya tairi na breki mpaka gurudumu ligome.

Na kabla ya kulipa, usiijaribu pale mbele ya duka kwenye lami. Mwachie muuzaji kitambulisho, tafuta mwinuko wa karibu, ubadilishe gia zote huku unapanda. Cheni ikiruka hata mara moja, mrudishie.