Njia Tano za Kununua Simu na Huduma Yake, Kuanzia Inayomwacha Mnunuzi Huru Zaidi

Ukiuliza watu mtandao upi wa simu ulio bora, kila mmoja atakujibu kwa uhakika, na majibu yao yatapingana, kwa kuwa kila mmoja anaeleza hali ya chumba anacholala na njia anayopita kwenda kazini. Wote husema kweli. Simu huwasiliana na mnara kwa mawimbi ya redio yenye masafa tofauti: masafa ya chini, kama yale ya megahezi 700, 800 na 900, husafiri mbali na kupenya kuta, ilhali masafa ya juu, kama yale ya megahezi 3,500 yanayotumiwa sana na 5G, hubeba data nyingi lakini hufifia baada ya mwendo mfupi na huzuiwa kwa urahisi na majengo. Kampuni yenye masafa mengi ya chini itasikika vizuri vijijini na ndani ya nyumba, na yenye masafa mengi ya juu itakuwa na kasi kubwa pale penye minara iliyokaribiana. Masafa hayo ni mali ya umma, hugawiwa na serikali kwa mnada au kwa leseni, na masharti yanayoandikwa kwenye leseni ndiyo huamua kama mnara utafika mahali penye wateja wachache. Kwa hiyo anayelalamika kwamba hapati mtandao nyumbani kwake anazungumzia siasa, hata kama hajakusudia.

Kwa sababu hiyo sikupanga kampuni kwa ubora, wala sikupanga aina za simu. Nimepanga njia za kununua, na kipimo changu ni kimoja: siku huduma itakapoharibika, mnunuzi ataweza kuondoka kwa gharama gani? Kamera, kasi na ofa hubadilika ndani ya mwaka mmoja, lakini uwezo wa kuondoka ndio humlazimu muuzaji kuendelea kumjali mteja hata baada ya kupokea fedha zake.

Ya kwanza: simu mpya isiyofungwa, iliyolipiwa yote, pamoja na laini ya malipo ya kabla

Simu isiyofungwa ni ile inayokubali laini ya mtandao wowote. Ukiinunua kwa fedha zako zote na kuitumia kwa laini unayoiongezea salio mwenyewe, hudaiwi na mtu, na kuhama ni suala la kubadilisha laini tu. Ikiwa simu ina nafasi ya laini mbili, hulazimiki hata kuhama: unaweza kuutumia mtandao mmoja kwa kupiga na mwingine kwa intaneti, na ukaulinganisha ubora wake mahali unapoishi badala ya kutegemea maneno ya watu.

Katika kuchagua simu yenyewe, ninapendekeza ya daraja la kati, na jambo la kwanza la kuulizia ni miaka ya masasisho ya usalama. Simu iliyoacha kupokea masasisho inaendelea kuwaka na kupiga picha nzuri, lakini mianya inayogunduliwa kwenye programu zake haizibwi tena, na ndani ya simu hiyo mna akaunti ya benki na mazungumzo ya familia. Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikafanya hivyo kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Simu za bei ya chini mara nyingi huahidiwa miaka michache zaidi. Wanunuzi wengi hawatambui kwamba miaka hiyo kwa kawaida huhesabiwa tangu toleo la simu lilipoanza kuuzwa. Simu iliyoahidiwa miaka 4 na ambayo imekaa dukani kwa miaka 2 imebakiwa na miaka 2, hata kama boksi lake halijafunguliwa.

Hapa sheria imefanya kazi ambayo ushindani wa soko peke yake haukuifanya. Tangu tarehe 20 Juni 2025, Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji wa simu wanaouza huko watoe masasisho kwa angalau miaka 5 baada ya toleo kuacha kuuzwa, wapatikanishe vipuri kwa miaka 7, na watumie betri inayobaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 800. Sheria nyingine ya umoja huo, iliyoanza kutumika kwa simu tarehe 28 Desemba 2024, inalazimisha tundu la chaji la USB-C, na Apple ilikwisha kubadilisha tundu la simu zake kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023, kwa wanunuzi wa dunia nzima. Anayeamini kwamba kupiga kura na kununua chaja ni mambo mawili yasiyohusiana na atazame waya anaotumia sasa.

Udhaifu wa malipo ya kabla uko kwenye vifurushi. Ukubwa wa kifurushi hauna maana bila muda wake. Mtu anayetumia gigabaiti 2 kwa wiki akinunua kifurushi cha gigabaiti 10 cha siku 7, hupoteza gigabaiti 8 kila wiki, na kifurushi cha gigabaiti 9 cha siku 30 kingemtosha mwezi mzima. Simu yako inaonyesha kwenye mipangilio yake kiasi cha data ulichotumia, kwa hiyo kitazame kwa miezi miwili kabla ya kuamua. Kasi nayo hutangazwa kwa megabiti, ilhali mafaili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8: kasi ya megabiti 40 kwa sekunde ni megabaiti 5 tu. Vifurushi vinavyoitwa visivyo na kikomo mara nyingi vina kikomo kilichoandikwa kwenye masharti, ambacho ukikivuka kasi hupunguzwa.

Vipo pia vifurushi vya bei nafuu vinavyofungua mitandao michache ya kijamii tu. Ninavikataa, na ninajua kwamba wengi wanaovinunua hawana uwezo wa kununua zaidi. Anayeishi ndani ya kifurushi hicho husoma kichwa cha habari kilichotumwa na rafiki lakini hawezi kufungua kiungo ili aisome habari yenyewe, na hivyo hushindwa kupima uvumi, hasa wakati wa uchaguzi anapouhitaji ukweli kuliko wakati wowote. India ililiona hilo: mwezi Februari 2016 mamlaka yake ya mawasiliano ilipiga marufuku kutoza bei tofauti za data kulingana na maudhui, na mpango wa Facebook wa kutoa tovuti chache bila malipo ukakoma nchini humo. Ulikuwa uamuzi sahihi, ingawa haukuwapa maskini data nafuu, na kazi hiyo ya pili bado inadaiwa kwa serikali nyingi.

Ya pili: simu iliyotumika isiyofungwa, kwa laini ileile ya malipo ya kabla

Kwa mtu anayejua kukagua, njia hii ingekuwa ya kwanza, kwa kuwa simu iliyokuwa ya daraja la juu miaka miwili iliyopita mara nyingi huishinda simu mpya ya bei sawa. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya hatari zake. Kabla ya kulipa, bonyeza *#06# ili upate namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, uilinganishe na iliyo kwenye boksi na kwenye mipangilio, kisha uhakikishe kwamba haijazuiwa kwa sababu ya wizi. Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako, kwa kuwa simu iliyofutwa bila akaunti kuondolewa itaomba nywila ya mwenyewe wa kwanza, nayo hutakuwa nayo. Tazama afya ya betri, na uhesabu miaka ya masasisho iliyobaki.

Jambo la mwisho la kukagua ni kama simu inapiga sauti kupitia 4G. Kuwa na intaneti ya 4G hakutoshi, kwa sababu simu nyingi za zamani hutumia 4G kwa data lakini hurudi kwenye 3G au 2G mara tu unapopiga, na mitandao hiyo inazimwa. Kampuni tatu kubwa za Marekani zilizima 3G mwaka 2022. Australia ilipozima mwaka 2024, simu ambazo hazikuweza kupiga namba ya dharura kupitia 4G zilizuiwa kwenye mitandao, hata zile zilizokuwa zikifungua intaneti bila tatizo.

Ya tatu: malipo ya baada, mwezi kwa mwezi, bila simu ndani ya mkataba

Hii inamfaa anayetumia sana na kwa kiwango kilekile kila mwezi. Ilinganishe pia na kampuni zisizo na minara yao, ambazo hukodi uwezo wa kampuni kubwa na mara nyingi huuza kwa bei ya chini. Minara ni ileile, ila mnara unapojaa, wateja wa aliyekodi huweza kuwekwa nyuma ya wateja wa mwenye mnara. Omba kikomo cha deni kiwekwe kwenye akaunti, hasa kama unasafiri nchi nyingine.

Ya nne: simu ya vitufe

Kitochi, kama wengi wanavyokiita, hukaa na chaji kwa siku kadhaa, na humfaa mzee, mtoto, au mtu aliyechoshwa na kioo. Hakikisha tu kwamba kinapiga kupitia 4G, kwa sababu zilizotajwa juu.

Ya tano: simu ya mkopo iliyofungwa kwenye mtandao mmoja

Niliwahi kununua hivi. Nilisaini mkataba wa miaka miwili, nikahama nyumba mwezi wa tano, na huko nilikohamia mtandao ule haukuingia ndani ya nyumba. Kwa miezi 19 iliyobaki nililipia huduma niliyoipata nikiwa nimesimama nje, kwa sababu ada ya kuvunja mkataba ilikuwa kubwa na simu haikukubali laini nyingine.

Kwa hiyo zidisha malipo ya mwezi kwa idadi ya miezi, ongeza malipo ya mwanzo, kisha toa kile ambacho ungelipa kwa huduma hiyohiyo bila simu. Kinachobaki ndicho bei halisi ya simu, na mara nyingi huzidi bei yake dukani. Uliza pia kama muuzaji anaweza kuizima simu kwa mbali malipo yakichelewa, kwa kuwa kwa mtu anayepata kazi kwa kupigiwa, kuzimwa kwa simu humnyima kile ambacho angelipia deni. Ninafahamu kwamba kwa asiye na fedha za mkupuo hii inaweza kuwa njia pekee. Basi achague mkataba mfupi zaidi, na apate kwa maandishi tarehe ambayo simu itafunguliwa.

Kufuli hizo zinaweza kuondolewa kwa sheria. Canada ilitaka simu zote mpya ziuzwe zikiwa wazi kuanzia Desemba 2017, na Uingereza ikakataza kampuni kuuza simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021. Haki ya kuhama mtandao bila kubadili namba nayo ililetwa na wadhibiti: Uingereza mwaka 1999, Marekani mwaka 2003, Kenya mwaka 2011, Tanzania mwaka 2017.

Ukiitumia haki hiyo, zingatia mpangilio. Usifunge laini ya zamani kwanza, kwa kuwa namba iliyofungwa huenda isihamishike tena. Lipa deni lililopo, tumia salio lililobaki kwa sababu kwa kawaida halihami pamoja na namba, kisha peleka ombi kwa mtandao unaohamia na uiache laini ya zamani ndani ya simu mpaka ipoteze mawimbi yenyewe. Chagua siku ambayo hutarajii kutumiwa namba ya siri na benki.