Uzoefu wangu na mkanda wa tumbo: kukazwa sana si kukazwa vizuri

Kila anayejua kwamba nimewekewa mkanda wa tumbo wa kupunguza uzito huniuliza habari za upasuaji. Upasuaji wenyewe sina mengi ya kuusimulia: nusu kaputi, matundu machache madogo tumboni, gesi iliyonisumbua mabegani siku za mwanzo, basi. Shughuli ilikuja baadaye, katika kuongezwa na kupunguzwa maji mpaka mkanda ukakaa panapotakiwa. Hapo ndipo watu wengi hukwama, na hapo ndipo nilipoona kliniki moja inavyoweza kupishana mbali na nyingine. Kwa hiyo tathmini yangu ni ya hapo.

Kwa asiyeujua: mkanda huu ni pete ya silikoni inayozungushwa sehemu ya juu kabisa ya mfuko wa chakula, chini kidogo ya pale umio unapoingilia, na juu yake hubaki kifuko kidogo. Upande wa ndani wa pete kuna puto. Kutoka kwenye puto unatoka mrija mwembamba hadi kwenye poti, kidude cha duara kilichoshonewa kwenye msuli wa tumbo chini ya ngozi. Maji ya chumvi ya hospitali yakiingizwa kwenye poti kwa sindano, puto linajaa na njia inabana. Yakitolewa, njia inalegea. Hakuna utumbo unaokatwa wala kuunganishwa upya, na hicho ndicho kilichonivutia mimi.

Swali la kwanza ambalo wenye mikanda huulizana ni "una mililita ngapi?" Naliona halina faida. Mikanda ya zamani ya chapa ya Lap-Band ilibeba mililita 4 tu; iliyofuata ikabeba 10, na ile mikubwa 14. Mililita 3 na nusu kwenye mkanda mmoja ni karibu kujaa, kwenye mwingine hata hazihisiki. Halafu unene wa mafuta na nyama zilizokumbatiwa na pete unatofautiana mtu na mtu. Niliwahi kumsikia mwenzangu akisononeka kwamba "amebakia 5" wakati mwingine yuko 7, ilhali alikuwa anapungua vizuri na analala usingizi wake. Anataka 7 za nini?

Maji ya kwanza huwekwa wiki 4 hadi 6 hivi baada ya upasuaji, uvimbe ukishatulia na mkanda ukishashika mahali pake. Wiki za mwanzo unakula vya majimaji, mwili bado umevimba ndani, njaa haipo, unajiona umeshapona unene. Kisha uvimbe unaondoka na njaa inarudi na madeni yake yote. Hakuna kilichoharibika, ni mkanda haujaanza kazi. Natamani ningeelezwa hivyo mapema na kwa sauti, maana nusu ya wasiwasi wangu ungeishia hapo.

Kuongezwa maji kwenyewe hakuumi kiasi cha kutisha. Unalala chali, unaambiwa uinue kichwa bila kujisaidia na mikono ili misuli ya tumbo ikaze na poti isogee juu. Nesi anaitafuta kwa vidole viwili, anaibana isikimbie, anapaka dawa ya kusafisha, kisha inaingia sindano maalumu ambayo ncha yake haimegi mpira wa poti. Unasikia mchomo wa ngozi, halafu msukumo, halafu sindano inagota kwenye kitako kigumu. Mtaalamu mzuri huvuta kwanza maji yote yaliyomo na kuyapima, aone kama yamepungua kuliko yalivyoandikwa, kabla ya kuongeza chochote. Baada ya hapo unakaa wima na kupewa maji ya kunywa, funda dogo dogo. Yakishuka bila kusita, sawa. Yakisimama kifuani, wanapunguza palepale. Ushauri wangu: usikimbilie kuondoka. Keti kidogo, kunywa tena, maana kuna wanaobanwa baada ya muda, na kurudi ndani ni rahisi kuliko kurudi kesho yake.

Siku moja au mbili zinazofuata ni za vya majimaji, kisha vilaini, kisha chakula kigumu. Ni kwa chakula kigumu tu utakapojua umekazwa kiasi gani. Supu haisemi lolote.

Sasa nije kwenye kliniki ya kwanza, ambayo sitaitaja. Walikuwa wapole, wasafi, na wepesi wa sindano. Ila kipimo chao kilikuwa mzani. Ukifika, unapanda juu ya mzani. Kama umepungua, unapongezwa na kuondoka. Kama hujapungua, unaongezwa maji. Hakuna aliyeniuliza ninakula nini, njaa inanirudia saa ngapi, usiku ninalalaje. Mwanzoni mtindo huo ulinifaa, kwa sababu kweli mkanda ulikuwa umelegea na nilihitaji kuongezwa. Kisha ukafika wakati uzito ukasimama, wakaongeza, ukasimama tena, wakaongeza tena.

Baada ya nyongeza ile ya mwisho, mkate ulikuwa haupiti. Kuku mkavu ndiyo usiseme. Nataka nieleze kukwama kulivyo, kwa sababu maelezo ya vipeperushi yanakuwa na haya mno. Maumivu hayako tumboni, yako katikati ya kifua, nyuma ya mfupa, na yanakua taratibu. Mate yanaanza kujaa mdomoni, mazito, yenye povu, yanavutika. Humezi tena, kwa sababu hata mate yenyewe hayana pa kwenda. Unainuka mezani, unasimama kwenye sinki, na lile tonge linarudi jinsi lilivyoingia. Siwezi kusema ni kutapika hasa, maana hakuna uchachu wala uchungu: chakula hakikufika kwenye asidi. Ukishalitoa unapata nafuu papo hapo, na watu mezani wanakutazama.

Wakati huohuo aiskrimu ilikuwa inapita bila kupiga hodi. Chokoleti, biskuti zilizolowekwa kwenye chai, supu nzito ya malai, vyote vilishuka salama. Mwili hutafuta unakoruhusiwa. Matokeo yake uzito ukaanza kupanda, na kliniki ikausoma mpando huo kuwa ni dalili ya mkanda kulegea. Walikuwa tayari kuongeza. Nilikataa, nikaomba muda, nikatafuta pengine.

Kliniki ya pili ilianza na maswali kabla hata sindano haijatoka kwenye pakiti. Ukila saa hii, njaa ya kweli inarudi baada ya saa ngapi? Unaweza kula kipande cha nyama? Kinachorudi kinarudi mara ngapi kwa wiki? Unakohoa usiku? Hilo la kikohozi ndilo lililomfanya daktari aweke kalamu chini. Nilikuwa nakohoa kila nikilala chali, na mara nyingine majimaji yanafika kooni. Nilidhani ni mafua yasiyoisha. Akanieleza kwamba kinachokwama juu ya mkanda hupanda ukilala, na kinaweza kuingia mapafuni. Tena mkanda uliobana mno kwa muda mrefu unaweza kupanua umio, au tumbo likateleza kupitia kwenye pete. Mzani akauangalia mwishoni, tena kwa haraka.

Wakanipeleka eksirei. Unasimama mbele ya mashine, unakunywa bariamu, majimaji meupe yenye ladha ya chaki, na kwenye skrini unaona yanavyoshuka. Yangu hayakushuka. Yalisimama juu ya pete, yakajaa, kisha yakaanza kupenya kwa uzi mwembamba kabisa. Daktari alitoa maji kidogo huku tunatazama, na ule uzi ukanenepa mbele ya macho yangu. Sijui kama kila mtu anahitaji eksirei kila anaporekebishwa. Nafikiri hapana, kipimo cha maji ya kunywa kinatosha mara nyingi na hakuna sababu ya kupigwa mionzi bure. Lakini dalili zikiwa hazielewani na mzani, ningeidai.

Hapo ndipo nilipoonyeshwa chati ya rangi tatu, iliyoenezwa na timu ya daktari mpasuaji Paul O'Brien wa Australia. Njano: njaa kati ya mlo na mlo, sahani kubwa, mkono unaotafuta cha kutafuna. Kijani: mlo mdogo unatosha, saa kadhaa zinapita hujakumbuka chakula, na uzito unapungua polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Nyekundu: kukwama, kiungulia, kikohozi cha usiku, kucheua, na kuishia kula vilaini. Mimi nilikuwa nyekundu na nilikuwa natibiwa kama njano. Dalili moja ya pande zote mbili ni kwamba uzito haupungui, na ndiyo maana mzani peke yake hauwezi kuamua.

Walinipumzisha wiki kadhaa mkanda ukiwa umelegezwa, kisha wakaanza kurudisha kidogo kidogo, robo mililita, mara chache nusu, na baada ya kila nyongeza nikapewa muda wa kutosha kuishi nayo kwa chakula kigumu. Nilichokuja kukigundua ni kwamba kiwango kinachofaa hakina kishindo. Ni kama mkanda wa suruali uliokaa sawa: huusikii. Nilitegemea kuhisi nimezuiwa. Nilichohisi ni kwamba nimeshiba na sahani bado ina chakula.

Mtaalamu wa lishe wa pale alinifafanulia jambo ambalo lilibadilisha ulaji wangu wote. Wengi tunafikiri kifuko kinajaa chakula na kukaa nacho. Mkanda ukiwa sawa, kila tonge linasukumwa na umio kupita kwenye pete, kwa misukumo kadhaa, na huchukua hata dakika nzima. Msukumo huo kwenye ukuta wa tumbo ndio unaopeleka habari ya shibe. Ndiyo sababu ya tonge la ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, kutafuna hadi liwe uji, na kungoja kabla ya linalofuata. Ukituma la pili la kwanza likiwa bado njiani, umejitafutia sinki. Na mlo ukipita dakika 20 au 30, nasimama, kilichobaki kibaki. Kunywa huku ninakula niliacha, soda na vyenye gesi pia.

Mwili wangu una kengele yake: pua ya kushoto. Inachuruzika ghafla, na najua tonge linalofuata litakwama. Wengine hupata kwikwi, wengine hupiga chafya au huvuta pumzi ndefu wasiyoikusudia. Ichunguze yako. Hakuna kliniki itakayoijua kwa niaba yako.

Pia zoea kwamba mkanda huohuo, wenye maji yaleyale, haubani sawa kila saa. Asubuhi wangu uko mkali, kwa hiyo naanza na kinywaji cha moto na mlo mgumu nauweka mchana. Siku zangu za mwezi zikikaribia unabana, nikiwa na mawazo unabana. Siendi kuomba kulegezwa kwa ajili ya asubuhi moja. Naangalia wiki nzima. Lakini ukishindwa kushusha hata maji, hiyo si ya kuangalia wiki, ni ya kwenda siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mkanda ukibana ghafla bila mtu kuuongeza, au njaa ikirudi ghafla bila sababu na maji yanayovutwa yakawa pungufu: huenda pete imeteleza, au mrija unavuja.

Kadiri unavyopungua, mafuta yaliyomo ndani ya pete nayo hupungua, na kijani cha mwaka jana kinakuwa njano. Kwa hiyo marekebisho hayaishi, yanakuwa machache tu. Hapo ndipo ningempa angalizo anayefikiria. Mikanda haiwekwi tena kwa wingi kama miaka ya 2000. Upasuaji wa kupunguza tumbo kwa kulikata umechukua nafasi, na mikanda mingi imetolewa. Wanaojua kuirekebisha vizuri wanapungua. Baadhi ya kliniki hazimpokei mgonjwa ambaye hazikumpasua zenyewe, nimeshakataliwa kwa simu. Kabla hujalipa, uliza nani atakuwekea maji mwaka wa tatu, na nani atakulegeza Jumapili usiku. Wakibabaika, ondoka.

Kliniki ya kwanza naipa nyota mbili, kwa usafi na mkono mwepesi. Ya pili nne na nusu. Nusu nimeikata kwa sababu ya foleni. Mkanda wenyewe naupa nne, kwa mtu aliye karibu na huduma na anayeweza kusubiri. Aliye mbali na mtu wa kuurekebisha, nisingemshauri.

Na ukishawekewa, dai kadi yenye aina ya mkanda, ujazo wake, kiasi kilichomo na tarehe ya marekebisho ya mwisho. Mimi picha yake ninayo kwenye simu, na dada yangu anayo kwenye ya kwake.