Mashine ya kusaga plastiki: ipi ununue kwanza

Muuzaji ataanza kukuhesabia nguvu za mota. Mwache amalize, kisha muulize mzigo unaingiaje. Kilowati 22 zitakufaa nini ikiwa dumu la lita 20 linarukaruka juu ya rota, yaani mhimili unaozunguka na visu, na kisu hakilishiki?

Kwa anayekusanya ndoo, madumu na chupa, ninaiweka krasha ya kawaida namba moja. Rota huzunguka kwa kasi, mara 400 hadi 600 kwa dakika, visu vyake vikipishana na vingine vilivyofungwa kwenye bodi ya mashine, visivyozunguka. Chini kuna chekeche: kipande hakitoki mpaka kipite kwenye tundu, mara nyingi milimita 10 hadi 14. Vitu vyenye uwazi ndani vinataka rota yenye nafasi kati ya visu, vipate kudumbukia. Kagua pia pazia la mpira mdomoni, maana vipande hurushwa nje kwa nguvu. Na chagua inayokubali kusaga kwa maji; visu havipati moto na vumbi linapungua. Mchanga lakini utoe kabla, hakuna kinachomaliza visu kama huo.

Krasha hiyo usiilishe bonge la plastiki iliyoganda, utaokota kisu kilichovunjika. Mabonge, mabomba mazito na marobota ya viroba ni kazi ya namba mbili: mashine ya shafti moja, yaani mhimili mmoja wa visu, yenye kisukumio cha haidroliki (kinachosukumwa kwa shinikizo la mafuta). Inazunguka taratibu, mzigo unasukumwa kwenye visu, rota ikielemewa kisukumio kinarudi nyuma. Bei yake inauma. Viroba navyo vina tabia ya kujisokota kwenye shafti, kwa hiyo dai visu vikali na pengo dogo kati ya visu vya rota na vile vya bodi. Pengo likilegea vinakunjika tu, havikatiki.

Mashine za shafti mbili, zile zinazotafuna gari kwenye video, naziweka mwisho. Kulabu zake huvuta mzigo zenyewe, na zikikwama hujirudisha nyuma. Kwa tairi na mapipa, sawa. Kwa plastiki, nyingi hazina chekeche na hutoa vipande virefu, hivyo utanunua krasha vilevile.

Siku ya kujaribu, beba kiroba cha mzigo wako mwenyewe, na uchafu wake. Chupa safi za muuzaji kila mashine inazisaga.