Springi ya lori kwa kufulia shoka: chuma kizuri, ila angalia bamba unalopimiwa

Anayefua shoka nyumbani kwa kujifurahisha hana haja ya chuma kipya. Kwa muuza vyuma vikuukuu utakuta springi bapa za lori zimerundikwa, zinauzwa kwa kilo, na kwa kazi ya shoka hakuna kingine pale kinachozishinda. Nondo haishiki makali hata ukiifua wiki nzima, kwa kuwa kaboni yake ni ndogo. Tupa kuukuu hutoa kisu kikali ajabu lakini shoka lake humeguka likikutana na fundo la mti. Beringi ni chuma bora, tatizo lake ni ubishi chini ya nyundo, na anayeanza ataichoma kabla hajaielewa.

Springi za magari ya Kijapani kwa kawaida ni chuma cha aina ya SUP9, za Kimarekani ni 5160. Hawa ni ndugu wa karibu: kaboni karibu asilimia 0.6, na kromiamu chini ya asilimia 1. Kromiamu hiyo ndiyo inayokuruhusu kupoza, yaani kukitumbukiza chuma kikiwa na moto ili kiwe kigumu, kwa mafuta badala ya maji.

Vipimo kwanza. Bamba moja la springi ya pikapu lina unene wa milimita 7 au 8, linafaa panga na kisu. La shoka litafute kwenye lori: upana wa milimita 90, unene wa 13. Mita moja ya bamba hilo ina uzito wa kilo 9 na ushei, kwa hiyo kipande cha sentimita 9 tu kinatosha shoka la gramu 800. Asikuuzie mtu bamba zima kama unataka shoka moja.

Na hapa ndipo wengi hupotea. Bamba la juu, lile lenye macho (ncha zilizokunjwa kuwa tundu la kulishikiza kwenye gari), huvutia kwa urefu wake, lakini limekunjwa na kukunjuka mamilioni ya mara. Nyufa huanzia kwenye tundu la bolti ya katikati, na kwenye ncha ambako mabamba husuguana. Kata sentimita 10 kila upande wa tundu utupe, na kama bamba lilivunjika lenyewe barabarani, liache hapo hapo kwa muuzaji. Kipande kilichobaki kisugue mpaka king'ae, kipake mafuta ya taa, subiri dakika 10, kifute kikauke kabisa, kisha kipake chaki nyeupe. Ufa uliokunywa mafuta utayatapika: mstari mwembamba wa unyevu utajichora kwenye chaki, wakati mwingine mfupi kama ukucha. Ukiuona, usijidanganye kwamba nyundo itauziba. Moto huunguza kuta za ufa na nyundo huurefusha, kisha unafunguka siku ya kupoza, kazi yote ikiwa imekwisha.

Jaribio la pili ni la ugumu. Kata kijipande cha urefu wa kidole, kipashe moto mpaka sumaku isikishike, kitumbukize kwenye mafuta, kibane kwenye jiliwa ukipige nyundo. Kikikatika kama kigae na ndani kikawa na chembe laini za kijivu, chuma ni chema. Kikipinda, si springi ulichouziwa. Chembe zikiwa kubwa kama za sukari, kosa ni lako, ulizidisha moto.

Chini ya nyundo springi ni ngumu kuliko chuma laini, na inahitaji subira. Ifue ikiwa rangi ya chungwa, simama ikigeuka nyekundu iliyofifia. Anayeendelea kupiga wakati huo ndiye anayelalamika baadaye kwamba chuma kilikuwa kibovu. Kwa shoka la kienyeji, lile la kupenya mpini badala ya kuvikwa mpini, vuta msuka, yaani mkia unaoingia kwenye mpini, wa sentimita 15 hivi, unene ukipungua kutoka milimita 20 hadi 6. Mahali msuka unapokutana na bapa pasiwe na kona kali. Acha mviringo, la sivyo shoka litakatikia hapo.

Kabla ya kupoza, lipashe moto mara tatu mpaka sumaku iache, kila mara uliache lipoe hewani. Makali yabaki na unene wa milimita 2, maana yakiwa membamba zaidi hujipinda au kupasuka. Mafuta ya kupikia, lita 8 ndani ya ndoo ya chuma yenye kifuniko, yapashwe kwanza hadi nyuzi 50 au 60, kwani ya baridi ni mazito na hupoza polepole. Oili chafu ya injini ni bure kweli, ila moshi wake ni sumu. Lipashe shoka moto tena mpaka sumaku iache, kisha zamisha sentimita 3 za makali tu, ukichezesha taratibu. Ukitumia maji utasikia “tik!”, na hiyo ndiyo sauti ya kuanza upya.

Makali yakitoka kwenye mafuta, tupa inateleza juu yake. Usilitumie hivyo. Liweke kwenye oveni nyuzi 230 kwa saa moja, litoe lipoe, rudia mara ya pili. Asiye na oveni alisugue ling'ae, aweke kisogo cha shoka juu ya chuma chenye moto, na kuangalia rangi zikitembea: manjano, kahawia, zambarau. Kahawia inapofika kwenye makali, chovya. Ikipita hadi buluu umelainisha kupita kiasi.

Tahadhari mbili za rundo lile lile. Shokomzoba lililofungwa usilitie motoni hata kidogo, hulipuka. Na kipande cha reli, kinachopendwa kwa fuawe, usikinunue bila karatasi. Kenya ina sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni, na Januari 2022 biashara nzima ilisimamishwa kwa muda kutokana na uharibifu wa miundombinu. Dai risiti hata kwa springi.

Mpini ndio unaoharibu sifa ya springi bure. Tumia mti uliokauka, wenye kichwa kinene. Mzeituni mwitu ni mzuri sana. Tundu litoboe kwa chuma chembamba chenye moto, kisha msuka wenyewe ukamilishe kwa kuunguza. Kila pigo litakaza shoka zaidi, na hapo ndipo uzuri na hatari yake: msuka uliochongoka kupita kiasi hugeuka kabari na kupasua kichwa cha mpini. Kizungushie ngozi mbichi ya ng'ombe, uishone ikiwa na maji, uiache ikauke siku tatu kivulini kabla ya kukata hata kijiti.