Kutyuni Kompyuta ya Injini Isiyo na Turbo: Pesa Yako Inanunua Nini?

Karibuni. Leo tunachambua kutyuni kompyuta ya injini, yaani kuandika upya faili la namba zinazoiambia itoe mafuta kiasi gani na cheche lini, kwenye gari lisilo na turbo, ambalo tayari limefungwa vitu vya kawaida: bomba jipya la kuingizia hewa, manifodi ya eksozi ndefu (mabomba yanayotoa moshi kwenye injini) na bomba pana la nyuma.

Tuanze na nguvu, maana hapa watu wanauziwa ndoto. Kwenye turbo, fundi anaongeza msukumo na hewa inaingia zaidi, kwa hiyo asilimia 20 au 30 inawezekana kwa faili tu. Injini yenu inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, na hakuna programu inayotengeneza hewa. Mkipata asilimia 5 hadi 10 pamoja na vifaa, mmepata vizuri sana.

Sasa, kwa nini ulipie? Kwa sababu ya vile vifaa vyenyewe. Ukifunga bomba la hewa lenye kipenyo kikubwa pale sensa ya hewa inapokaa, hewa ileile inapita polepole zaidi. Sensa inasoma pungufu, kompyuta inatoa mafuta pungufu. Ukiendesha taratibu, sensa ya oksijeni inarekebisha. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, magari mengi huacha kuisikiliza na kufuata jedwali lililoandikwa kiwandani. Hapo ndipo injini inapata joto na kuanza kugonga, yaani mafuta kulipuka kwa wakati usiofaa.

Kwa hiyo chomeka mashine ya kusomea kompyuta, uangalie marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Yakiwa ndani ya asilimia 5, juu au chini, endelea. Yakizidi 10, usilipe mtu bado. Tafuta hewa inayoingilia baada ya sensa, na eksozi inayovuja kabla ya sensa ya oksijeni, maana tundu hilo linavuta hewa ya nje na kuidanganya sensa kwamba mafuta ni machache. Fundi akityuni juu ya tundu, siku ukiliziba namba zote zinaharibika.

Sokoni kuna bidhaa tatu. Vile visanduku vya bei rahisi vya kuchomeka, au kile kizuizi kidogo cha umeme kinachoongopea kompyuta kwamba hewa ni ya baridi: achana navyo kabisa. Faili lililotengenezwa tayari linafaa gari ambalo halijaguswa, au lenye vifaa vilevile ambavyo faili liliandikiwa. Ukishabadilisha bomba na manifodi, nunua kutyuniwa kwa kupimwa, gari lako likiwa kwenye daino, mashine ya kupima nguvu.

Fundi anayejua kazi ataanza na sensa ya hewa, siyo na cheche. Kisha mafuta: chini ya mzigo kamili, petroli inataka hewa sehemu 12.5 hadi 13 kwa mafuta sehemu 1, siyo 14.7 ya mwendo wa kawaida. Asome kwa sensa ya oksijeni ya masafa mapana iliyofungwa kabla ya katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi. Taimingi ya cheche (wakati cheche inapowaka) aiongeze digrii moja moja, na nguvu isipopanda tena arudi nyuma, hata kama injini haijagonga. Petroli iwe ya oktani ileile utakayotumia kila siku.

Kama kamshafti yako (mhimili unaofungua vali) inajigeuza kwa amri ya kompyuta, mwulize kama ataigusa. Kwangu mimi faida tamu iko hapo. Manifodi ndefu inabadilisha jinsi moshi unavyotoka, na muda wa vali ukipangwa upya unapata nguvu katikati, mizunguko 3,000 hadi 5,000, ambako unaendesha kila siku. Kuongeza kikomo cha mizunguko kukatae. Springi za vali ni za kiwandani bado.

Angalizo: gari likionekana jepesi ghafla, huenda ni pedali tu iliyofanywa ifungue haraka zaidi. Grafu ya daino ndiyo itakayosema.

Wakati wa kuandika faili, chaja ya betri iwe imeunganishwa. Umeme ukishuka katikati, kompyuta inaweza kufa palepale.

Kabla ya kulipa, dai nakala ya faili la kiwandani, na vipimo viwili, kabla na baada, vya daino ileile, gia ileile, joto la hewa likikaribiana.