Mafuta ya karafuu ya jino: yanatuliza kweli, ila lebo ya hii chupa imenikera

Nianze na la maana kabisa, yanafanya kazi. Nilikua na gego la chini limetoboka, nalijua siku nyingi, likaamka jumamosi saa nane usiku likawa linadunda mpaka sikioni, kliniki zimefungwa, na dawa kama ibuprofeni mi tumbo langu halizitaki. Nikakumbuka nina kichupa cha mafuta ya karafuu cha ml 10 kiko tu kwenye droo. Nikalowesha pamba matone mawili, matupu hivohivo, nikaing'ata.

Sekunde za kwanza ni moto, macho yanatoa machozi, alafu ulimi unakufa ganzi, na kabla ya dakika tano jino limetulia. Nikalala. Asubuhi naamka fizi imekua nyeupe inachubuka kama umeungua na chai, na hiyo fizi iliniuma siku mbili kuliko hata jino lenyewe.

Ndo nikachukua chupa nikasoma lebo. Imeandikwa asilia 100%, salama kwa familia nzima, paka sehemu inayouma. Basi! Hamna neno hata moja la kuchanganya na mafuta mengine, hamna onyo la watoto, hamna chochote. Hapo ndo kero yangu ilipo na ndo sababu naandika hii ripyu, maana mafuta ni mazuri na lebo ni ya hatari.

Kinachotuliza humo ndani kinaitwa eujenoli, ndo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, kama asilimia 70 mpaka 90 hivi. Inazuia neva zisipeleke taarifa ya maumivu, kwa hiyo ile ganzi unayoisikia ni ganzi ya kweli, sio mawazo yako. Madaktari wa meno wenyewe wanaitumia, wanaichanganya na oksidi ya zinki inakua kama simenti ya kuzibia jino kwa muda, mi jumatatu nilivyowekewa hicho kizibo nikasikia harufu ileile ya kichupa changu. Sasa hiyohiyo eujenoli ikiwa kali inaunguza nyama laini ya mdomo. Kitu kuwa cha asili hakikipunguzii nguvu.

Navyotumia sasa ni hivi, tone moja kwenye nusu kijiko cha chai cha mafuta ya zeituni (mafuta yoyote ya kula yanafaa), nachovya kijiti cha pamba, nakikamua kisichuruzike, nagusa kwenye tundu la jino tu bila kupita kwenye fizi. Mate natema, simezi. Baada ya dakika kumi hivi nasuuza. Kwangu inashika kama saa moja, wakati mwingine inapungua hapo, na haiunguzi tena. Usiku mzima haikufikishi kwa kipimo hiki, niseme ukweli, lakini usirudi kwenye matone matupu kwa sababu hiyo.

Kuna kitu kilinidanganya na nataka mtu mwingine asidanganyike. Jumapili jioni jino likanyamaza lenyewe, sijapaka chochote tangu mchana, nikajua limepona. Daktari akaniambia neva ilikua inakufa, na jino likifia hivo uozo unashuka chini kwenye mzizi kimyakimya mpaka usaha. Karafuu haizibi tundu wala haiui uozo uliozama ndani ya jino, inakununulia masaa tu ya kufika kliniki. Ukiona shavu limevimba, homa, au kumeza kunakua shida, hapo usipake kitu, kimbia hospitali usiku huohuo. Na ukifika mwambie daktari ulipaka karafuu, maana eujenoli inaweza kuzuia zile dawa za kuzibia za rangi ya jino zisigande vizuri.

Watoto sasa. Hapa naomba mnisikie jamani. Ml 5 mpaka 10 za mafuta ya karafuu zikimezwa na mtoto mdogo zimeshawahi kuleta degedege, kupoteza fahamu na ini kuharibika vibaya, na hii chupa yote ni ml 10, yaani ujazo wote uko pale kwenye mkono wa mtoto. Kifuniko kinafunguka kwa kuzungusha tu, na kile kiplastiki cha kudondoshea kinatoka kwa kucha. Kama akimeza usimtapishe, mpeleke hospitali na chupa uende nayo. Na usimpake mtoto anayeota meno, hata kidogo, hata bibi akisema. Wala usikimbilie jeli za ganzi zenye benzokeini, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilishasema 2018 zisitumike kwa walio chini ya miaka 2 kwa sababu zinaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni.

Wengine wa kukaa mbali au kuuliza kwanza ni wanaotumia warfarini au dawa nyingine za kuyeyusha damu, wanaosubiri upasuaji, wajawazito, na wale ambao ngozi yao inawashwa na manukato, maana eujenoli imo pia kwenye pafyumu nyingi.

Uzuri wa bidhaa yenyewe: chupa ni ya kioo cheusi, safi kabisa maana eujenoli inakula baadhi ya plastiki, harufu ni kali na halisi, na mafuta hayana utelezi ule wa kuchakachuliwa. Mafuta nayapa nyota 4. Lebo na kifuniko nyota 1, na hiyo moja ni ya kioo.

Mi nimebandika karatasi yangu juu ya ile lebo, nimeandika CHANGANYA KWANZA, MTOTO ASIGUSE, na chupa iko kabati la juu lenye funguo. Watengenezaji nimewaandikia wabadilishe maandishi na waweke kifuniko cha kubonyeza, mpaka leo hawajajibu.